Sifuri ya Nani?

Msyuu! Msimu wa mahindi umekolea, malori yamepanga foleni, na programu ya dogo wetu wa Lizaboni imezima. Kisa? Mzee mmoja wa Peramiho namba yake haimo.

Hakuna uchawi. Dogo kaandika kwa Python, kilo za wakulima kaziweka kwenye kamusi: taja namba ya mkulima, uletewe kilo zake. Sasa ukitaja kwa mabano ya mraba namba isiyokuwemo, Python haibembelezi mtu. Inatupa KeyError, shughuli imekwisha. Foleni nzima inamsubiri mzee mmoja.

Dogo akaleta dawa: aachane na mabano, atumie get, ikikosekana namba ijibu sifuri. Kijiwe kikashangilia, kahawa ikaongezwa. Mimi nikasonya. Sifuri ya nani? Mzee kaleta magunia kumi, karani kakosea tarakimu moja, mashine inajibu kilo sifuri, tena kwa adabu zote! Ambaye mahindi yake yamekataliwa na ambaye hayumo kabisa, wote sifuri. Hao si mtu mmoja, jamani. Bora hata KeyError, angalau inapiga kelele.

Get ukiiacha bila jibu la akiba, inarudisha None, yaani hakuna kitu hapa. Basi hapo ndipo pa kushika. Ikija None, namba iandikwe pembeni, foleni isonge, jioni karani akae nazo moja moja. Au KeyError yenyewe idakwe kwa try na except. Mistari minne tu, lakini vijana wana haraka!

Bodaboda mmoja, naye kapitia chuo, akaja na defaultdict. Ipo tangu Python 2.5 ya mwaka 2006, na kwa kujumlisha ni tamu kweli: ukiiwekea int, kila namba mpya inaanza na sifuri yenyewe. Ila ina kiherehere. Uliza tu kwa mabano namba fulani ina kilo ngapi, inaiandikisha hapo hapo. Umeuliza, umezaa mkulima! Mwaka 2016 nchi ilihangaika na watumishi hewa, leo mnatuletea wakulima hewa? Kama ni kuuliza, tumia in, au get ile ile. Hizo hazimwandikishi mtu.

Halafu dogo ananiuliza, eti mzee, zile sifuri zilizokwishaingia tangu jana nizitenganishe vipi? Msyuu! Azitenganishe kwa lipi, na kazifananisha mwenyewe? Achukue daftari la mzani, aanze ukurasa wa kwanza.