Bukta ya Kwenda Mtabila

Katika orodha ya vifaa ambayo Jeshi la Kujenga Taifa huwatangazia vijana wa kidato cha sita, bukta imeelezwa vizuri: rangi ya bluu iliyokolea, mpira kiunoni, isiwe na zipu, ifike magotini. Habari za mshono hazimo. Na mshono ndio uliotufanya tukeshe hapa Kasulu, mtoto wa dada yangu alipopangiwa kambi ya Mtabila.

Alishuka kwenye basi Ijumaa jioni akitokea Mwanza kwa njia ya Nyakanazi na Kibondo, vumbi mpaka kwenye kope. Kuripoti ilikuwa Jumapili. Alipomaliza kula akafungua begi nimkagulie: fulana ya kijani, shuka za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, raba, na bukta moja tu, mpya ya dukani, ambayo alishaanza kuikimbilia asubuhi.

"Mama mdogo, hapa pameachia kidogo."

Palikuwa msambani. Kidole kilipita, na uzi ulining'inia. Kabla sijafika na mkasi, binti yangu mdogo aliudaka na kuuvuta. Uzi ukaja, akazidi kuvuta huku anacheka, na kaka yake alipopiga kelele mguu mmoja ulikuwa wazi kutoka msambani hadi karibu na pindo.

Mtoto hakuwa na kosa. Bukta ilikuwa imeunganishwa kwa ovaloki peke yake. Kazi ya ovaloki ni kukata ukingo wa kitambaa na kuuzungushia nyuzi tatu au nne zenye vitanzi ili usichambuke. Kwenye nguo za kushonwa harakaharaka hubebeshwa na kazi ya kuunganisha, mshono mmoja mwembamba kwa yote mawili. Kitanzi kikikatika na mtu akapata ncha inayofaa, vingine vinafuata, kama mdomo wa kiroba cha sembe. Cherehani ya kawaida haina tabia hiyo: uzi wa juu na wa bobini hukamatana kila sindano inapotoboa, kwa hiyo panapokatika, pengo haliendi mbali.

Cherehani tunayo, ya miguu, ila mkanda wake wa ngozi ulikuwa umekatika wiki hiyo, na fundi wa jirani alikuwa msibani Manyovu. Jumamosi nikiwa jikoni na migebuka, baba watoto akaamua kuokoa jahazi kwa supa gluu, ile inayobandika soli za viatu. Alitandaza bukta mezani na kumimina. Gundi ile ikikutana na pamba hupata moto. Nilisikia akiita, nikamkuta anapuliza vidole. Ilikuwa imepenya kitambaa na kuishikisha bukta kwenye kitambaa cha meza tulichotunzwa harusini. Tulipovibandua, cha meza kilitoboka, na ukingo wa bukta ulikuwa umekakamaa kiasi cha kumchubua kijana mapaja kabla ya kilomita ya kwanza. Gundi hiyo haifai kwenye nguo hata kidogo. Nasema bila kumlaumu mume wangu, maana ndiye aliyetoa bukta yake kuukuu ikatwe kiraka.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. "Leteni hapa. Na hiyo chupa iondoeni." Yeye ni Muha wa hapa hapa, na Mtabila anayoijua ni ya wakimbizi wa Burundi. Waha na Warundi husikilizana bila mkalimani, hivyo alikuwa akiuza muhogo karibu na kambi, na huko mama mmoja fundi akamfundisha kushona kwa mkono. Kambi ilifungwa Desemba 2012, ardhi ikaja kuwa ya JKT. Alimsimulia mjukuu haya yote huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, na kijana, aliyekuwa akiliona jina la Mtabila kwenye tangazo tu, alisogeza kigoda karibu.

Kwanza tulikata sehemu yote iliyokakamaa. Upana ukapungua, kwa hiyo kiraka cha pembe nne kikawekwa msambani, pembe moja mbele, moja nyuma, mbili kuelekea miguuni, mguu upate nafasi ya kutanuka. Tukapiga bandi kwa uzi mweupe. Kisha Bibi akachukua uzi wa polista, akauvuta mara kadhaa juu ya donge la nta ya nyuki kutoka Kibondo. Uzi uliopita kwenye nta huteleza na haujisokoti. Akashona mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele, inarudi nusu hatua, inapita chini na kutokea mbele tena. Hakuukaza. Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki. Ukikazwa, kijana akichuchumaa uzi ndio unaokatika. Kila baada ya shibiri alipiga fundo.

Saa tatu usiku umeme ukakatika. Tuliwasha taa ya sola. Sindano ikagonga mabaki ya gundi ikavunjika, tukatafuta nyingine kwenye kopo la vifungo. Mguu wa pili ulikuwa bado mzima, lakini ovaloki yake ilikuwa ile ile, na Bibi alimkabidhi mwenye bukta sindano.

"Huko hakuna mama mdogo. Shona nikuone."

Alishona hadi usiku wa manane, Bibi akifumua pasipomridhisha. Asubuhi alichuchumaa na kuruka uani mbele yetu sote, akasali na Bibi, akaondoka.

Mafunzo yalipokwisha alirudi na bukta ile ile. Kitambaa kimelika makalioni hadi mwanga unapita. Mishono yote miwili imeshika, wa Bibi na wake.

Nyinyi wenye maduka mnaoleta bukta kila msimu wa JKT, waambieni mafundi wapitishe mshono mmoja wa cherehani ya kawaida kabla ya ovaloki, hasa msambani. Pandisheni bei kidogo kama ni lazima. Sisi wazazi tutalipa.