Bunduki Yenye Udhuru

Mtu akikosa bata kwa bunduki ya geji 12, hana pa kujificha. Huko Marekani hiyo ndiyo bunduki ya kila mtu. Risasi zake zinauzwa hata katika vijiduka vya soda na chambo cha samaki, na wenzake waliosimama naye majini wamebeba hiyohiyo. Bata amekuja, amepita, ameondoka na manyoya yake yote, na kosa ni la mpigaji peke yake. Lakini mtu huyohuyo akikosa kwa geji 16, mambo hubadilika. Ataitazama bunduki, ataguna, atasema neno kuhusu uhaba wa marisau, na wenzake watatikisa vichwa kwa huruma. Ninachodai ni kwamba huruma hiyo ndiyo sababu kubwa ya geji 16 kuwa hai mpaka leo. Haiui bata vizuri kuliko nyingine, wala haizidiwi kwa kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Inachompa mwenyewe ni udhuru, na udhuru ni bidhaa ambayo haijawahi kukosa mnunuzi.

Aliyewahi kununua mabati anaijua kanuni ya geji: 30 ni nyembamba kuliko 28. Kwa bunduki za marisau ni vivyo hivyo, namba ikipanda tundu linapungua. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa matufe 12 yaliyo sawa, tufe moja ndilo linaloenea katika mtutu wa geji 12. Ikigawanywa kuwa 16, umepata geji 16, ambayo tufe lake lina uzito wa wakia moja kamili. Ukipima kwa rula, mtutu wa kwanza una milimita 18.5 na wa pili 16.8. Tofauti yao ni milimita 1.7, na ndani ya nafasi hiyo finyu watu wazima wamejenga uadui, mapenzi na hotuba za saa nzima.

Sasa tumlete bata mwenyewe, ambaye katika hotuba hizo huwa haalikwi. Tumchukue mallard, yule dume wa kichwa cha kijani, anayeshuka kwenye mashamba ya mpunga na misitu iliyofurika maji karibu na Stuttgart, jimbo la Arkansas, mji ambao tangu mwaka 1936 umekuwa ukifanya mashindano ya kuita bata kwa filimbi. Tuseme anapita kwa kilomita 70 kwa saa, umbali wa mita 35. Marisau yakienda kwa wastani wa mita 300 kwa sekunde, yatamfikia baada ya muda unaozidi kidogo sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini bata keshasogea zaidi ya mita mbili. Wapimaji wa bunduki hulipima wingu la marisau kwa duara la sentimita 76, na kwa hiyo aliyeulenga mdomo wa bata amelipeleka wingu lake lote nyuma ya mkia. Wakia moja ya marisau ya chuma namba 2 ina punje 125 hivi. Wakia na robo, mzigo ambao geji 12 huubeba bila kulalamika, ina kama 156. Hizo punje 31 za ziada zikipita nyuma ya mkia pamoja na nyingine, sioni zimemfaidi nani isipokuwa kiwanda. Mpigaji alitakiwa kuutanguliza mtutu mbele ya ndege na kuendelea kuusogeza hata baada ya kufyatua. Hakufanya hivyo, na geji haikuhusika.

Mtu anaweza kusema kwamba udhuru huu ni wa mdomo tu. La, una ushahidi wa kushikika, na ndiyo maana nauheshimu. Sheria inaruhusu kuanza kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza, wakati ambapo vidole vimekufa ganzi, buti za mpira zimefika kifuani, na kila kitu mfukoni kinafanana na kingine. Wa geji 12 akiishiwa risasi, hunyoosha mkono kwa jirani. Wa geji 16 akinyoosha mkono hupewa pole, kwa sababu risasi ya jirani haiingii. Hapo udhuru umefika kileleni: huwezi kumlaumu kwa kukosa mtu ambaye hana cha kupigia. Kuna pia aliyerithi bunduki ya babu iliyoundwa Ujerumani, yenye chemba ya milimita 65, huku dukani kukiwa na risasi za milimita 70. Zinaingia bila shida, na hapo ndipo zinapodanganya, maana urefu unaoandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Likifyatuliwa, mdomo wake hukunjukia mahali pembamba na shinikizo hupanda. Mwenye akili huipeleka kwanza kwa fundi bunduki, na fundi husema arudi baada ya msimu. (Katika familia hii ya mikosi, wa kuogopwa zaidi ni ule wa risasi ya geji 20 kudondoshwa katika mtutu wa geji 12. Huteleza na kukwama mbele, mwenyewe akadhani hajapakia, akaweka nyingine nyuma yake. Mtutu unaweza kupasuka. Ndiyo sababu viwanda vya Marekani huzipaka risasi za geji 20 rangi ya njano.)

Pingamizi lenye uzito ni la chuma. Mwaka 1991 Marekani ilikataza marisau ya madini ya risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima, kwa sababu bata huokota punje matopeni wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakafa kwa sumu, na tai waliowala wakadhurika pia. Chuma ni chepesi: kwa kila sentimita ya ujazo kina gramu 7.8 hivi, dhidi ya 11.3 za madini ya risasi. Punje lazima ziwe kubwa zaidi ili zifike na nguvu, na punje kubwa zinataka nafasi, kitu ambacho ganda la geji 16 halina cha kugawa. Nakubali. Lakini dawa ipo. Kuna bismathi yenye gramu 9.6, madini yaleyale yanayotiwa katika dawa ya tumbo, kwa hiyo bata anakufa akiwa hana kiungulia. Kuna na tangsteni inayozidi 18. Zote mbili zinaua vizuri na zote mbili ni ghali, na mtu aliyelipa bei hiyo hatarajiwi kufyatua ovyo. Akikaa kimya bata wakipita juu yake, husemwa kuwa ana busara.

Wapenzi wa geji hii wameligeuza hilo kuwa fundisho: uhaba wa risasi, wanasema, humfunza mtu subira. Hapo siwafuati. Kulenga ndege anayeruka hujifunzwa kwa kupiga visahani vya udongo mpaka bega lichoke, na mchezo wa skeet una madaraja ya geji 12, 20, 28 na ile ndogo ya .410. Geji 16 haina daraja lake, kwa hiyo risasi za bei nafuu za mazoezi ni adimu. Asiyefanya mazoezi hukosa, akikosa huilaumu geji, na uhaba hapo unazalisha udhuru mpya kila wiki.

Ndege aliyejeruhiwa akaachwa ni jambo jingine, wala silitanii. Sheria inamtaka mwindaji ajitahidi kumtafuta na kumchukua, na hakuna geji inayomwondolea wajibu huo. Kama bunduki yako inafika mita 30, usimpige wa mita 45. Na watakaonipinga kwa methali ya mchagua jembe si mkulima nitawajibu kwamba methali ile ilimlenga mtu ambaye asipolima halali na shibe. Huyu wetu amelipia stempu ya serikali dola 25, ametia mafuta ya boti, amekunywa kahawa, na kuku yupo nyumbani kwenye friji.

Hatari pekee ninayoiona kwa geji 16 ni kupendwa. Kiwanda cha Browning waliitoa Sweet Sixteen, bunduki yao ya geji 16, katika miaka ya 1930, na mwaka 2016 wakairudisha ikiwa mpya, nyepesi, yenye kuvutia. Wenye zile kuukuu walishangilia, nami nikajiuliza kama wamefikiri vizuri. Zikienea, viwanda vitaongeza risasi, bei itashuka, na jirani pale majini atakuwa na risasi tatu za kukukopesha.