Pampu ya Inchi Mbili na Kisima cha Pima Sita

Ukisikia mtu wa Taveta analia shida ya maji, muulize kwanza anakaa upande gani. Kule chini, Kimorigo na kando ya mto Lumi, maji ya Kilimanjaro hujitokeza ardhini, mifereji inapita katikati ya migomba, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, malori yanaondoka na ndizi za kwenda Mombasa na Nairobi. Sisi tuko juu ya mfereji. Si mbali: jirani yetu akifungua maji siku ya zamu yake, nayasikia nikiwa jikoni. Lakini maji hayapandi mlima kwa kuonewa huruma, kwa hiyo robo ekari yetu, yenye migomba, sukuma wiki na mistari ya nyanya ambayo mume wangu huikagua kila asubuhi kama afisa wa forodha, ilikuwa inaishi kwa ndoo.

Ndoo ni ya mama mkwe. Kisima kilichimbwa na marehemu baba mkwe, na kamba yake ina mafundo, fundo moja kila pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Masika maji yako pima tatu. Mwezi wa tisa na wa kumi, upepo wa Tsavo ukishakausha kila kitu, ni pima sita. Mama mkwe hayajui haya kwa kuhesabu. Anayajua kwa mabega. Siku baraza la familia lilipokaa kuchagua pampu, yeye alikuwa palepale kwenye mkeka akichambua mchicha, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Baraza lenyewe lilikuwa la wanaume. Shemeji alikuja kutoka Mombasa na simu iliyojaa picha za pampu. Alitaka tuvuke Holili tukanunue Moshi, eti bei ni nafuu. Mume wangu akauliza kama ikiharibika tutavuka mpaka nayo begani kumfuata mwenye duka, na hapo, lazima nimpe haki yake, alisema neno la maana. Baadaye neno la maana liliadimika. Walibishana juu ya nguvu za farasi, juu ya rangi, juu ya nani ana pampu gani kule Mboghoni. Urefu wa kisima haukutajwa.

Ikanunuliwa pampu ya petroli ya inchi mbili, kutoka duka ambalo sitalitaja. Kisanduku chake kilikuwa na maandishi makubwa: lita 600 kwa dakika, kupandisha mita 30, kunyonya mita 8. Mume wangu aliyasoma kwa sauti ndani ya tuktuk njia nzima. Kisanduku hicho hakikusema uongo. Kilisema kweli mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Lita 600 hizo ni pampu ikiwa haipandishi maji popote. Mita 30 hizo ni pale maji yamefika juu kabisa na hayatoki hata tone. Ukitaka maji na kimo pamoja, unapata sehemu ya hiki na sehemu ya kile, na mchoro unaoonyesha ni sehemu gani huwa umefichwa ndani ya kijitabu, kama upo. Mwenye duka hakuulizwa, naye hakujitolea.

Ilipofika nyumbani watoto wa majirani walijaa uani. Ilivuliwa nailoni, ikawekwa juu ya tofali, ikatiwa mafuta. Fundi akavuta kamba, injini ikanguruma, kuku wakakimbia, moshi ukatanda hadi kwenye nguo nilizoanika. Maji hayakutoka. Fundi akazima, akaeleza kwamba pampu ya namna hii haiwezi kunyonya ikiwa kavu: lazima ujaze maji tumboni mwake kwanza, na paipu ya kunyonya nayo ijae hadi chini, kwenye ile valvu inayozuia maji yasirudi kisimani. Tukaleta ndoo. Ikanywa. Tukaleta nyingine. Mama mkwe, aliyewahi kuishi Mombasa enzi za ujana wake, alisimama mlangoni akauliza, "Huyu bi harusi gani, hasemi mpaka apewe kipamkono?" Tangu hapo pampu ikawa Bi Harusi, na kila ndoo iliyoingia tumboni mwake ikawa kipamkono.

Bi Harusi hakusema. Fundi akalaumu hewa. Akafunga upya maungio yote kwa utepe mweupe, akabadilisha mpira, akabadilisha valvu ya chini. Kisha akagundua kuwa paipu ya kunyonya tuliyouziwa ni ile laini ya kumwagilia, ambayo injini ikivuta inajibana yenyewe kama koo la mtu mwenye hasira. Ikabidi inunuliwe ngumu, yenye uti wa ndani. Kila kitu alichokirekebisha kilikuwa na kasoro kweli, hakuwa tapeli. Tatizo ni kwamba, hata baada ya kasoro zote kuondoka, kilichotoka ni povu na kikohozi.

Aliyetufumbulia ni binti yetu wa sekondari, akiwa amekaa kizingitini na kitabu cha fizikia, na akasema kwa ile sauti ya watoto wanaojua kuwa wako sahihi: "Baba, pampu hainyonyi. Hewa ndiyo inayosukuma." Pampu huondoa hewa ndani ya paipu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo chake. Waitaliano walilishangaa jambo hili zamani: pampu zao hazikuvuka kama mita 10, Galileo akaliandika mwaka 1638, na mwaka 1643 mwanafunzi wake, Evangelista Torricelli, akalifumbua kwa zebaki. Usawa wa bahari kikomo ni mita 10 na kidogo. Taveta, iliyo kama mita 750 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na hesabu inashuka hadi mita 9 na nusu hivi. Ukitoa msuguano wa paipu, joto na maungio ya fundi wetu, panabaki mita 7 za kuaminika. Ukiongeza farasi hamsini kwenye injini, hewa haiongezeki uzito.

"Na kisima chetu ni mita ngapi?" mume wangu akauliza, kwa mara ya kwanza.

"Pima sita," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. Pima sita ni karibu mita 11.

Hapa ndipo mkasa ulipotaka kugeuka msiba, na sehemu hii naomba isomwe na kila mwenye kisima. Shemeji alipata wazo: kama pampu haiwezi kuyafikia maji, ishushwe iyafuate. Kamba ikaletwa, boriti ikalazwa mdomoni mwa kisima, na fundi, sijui alikuwa anafikiria nini, akaanza kuvua viatu ili ashuke nayo. Injini ya petroli ndani ya shimo hujaza moshi wenye monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliye chini huanguka kabla hajajua kuwa anaumwa. Mara nyingi anayeshuka kumwokoa humfuata. Mama mkwe hakuwa na habari ya monoksidi, ila alimjua mtu aliyekufa hivyo. Alitoka na kigoda chake, akarudisha mfuniko wa mbao wa kisima, akakiweka juu yake, akakaa, akaagiza chai iletwe palepale. Shemeji akambembeleza. Akaomba na mandazi. Alikaa hadi jua likazama na fundi akavaa viatu vyake.

Chama cha akina mama ambacho mama mkwe husali na kuweka akiba nacho kina pampu ya kukanyaga, ile MoneyMaker ya shirika la KickStart, ambalo Martin Fisher na Nick Moon walilianzisha Nairobi mwaka 1991 likiitwa ApproTEC. Akaiazima. Haitaki petroli wala token ya stima, inataka miguu, na miguu ya vijana nyumbani ilikuwepo. Lakini hewa inayoisukumia maji ni ileile. Kwa pima sita nayo ilikataa. Ilikuja kufanya kazi masika, maji yalipopanda hadi pima tatu, na kwa mtu mwenye mfereji au kijito pembeni ya shamba sioni sababu ya kununua kitu kingine kabla ya hicho. Ila masika ndipo hatuhitaji kumwagilia.

Sasa mume wangu akakubali kupima, na akipima hapimi nusu. Kisima kina upana wa mita 1.2, na kiangazi kina maji ya kina cha mita 2. Binti akapiga hesabu: lita kama 2,260. Akazigawa kwa lita 600 za kisandukuni. Kama Bi Harusi angeweza kunyonya alivyoahidi, angekausha kisima chetu kwa muda usiofika dakika nne, kisha angenguruma mkavu hadi aungue. Hapo mume wangu alinyamaza kwa muda. Nilimletea maji ya kunywa.

Swali likabadilika. Si pampu inatoa kiasi gani, ni kisima kinarudisha kiasi gani. Tulichota asubuhi hadi maji yakashuka vya kutosha, tukaweka alama kwenye kamba, tukangoja saa moja. Yakapanda shibiri moja ya mama mkwe: lita kama 250. Ndivyo kisima kinavyotoa, na hakuna duka litakalokishawishi kitoe zaidi. Kwa upande wa shamba, milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Robo ekari ni mita za mraba kama 1,000, kwa hiyo kulilowesha lote milimita 5 ni lita 5,000. Lakini nusu ya eneo ni njia, nyumba ya kuku na kivuli cha mwembe, na kwa paipu za matone tuliona lita 3,000 kwa siku zinatosha.

Lita 3,000 kwa saa sita za jua ni lita 500 kwa saa. Kuzitoa mita 11 chini, kuzipandisha mita 3 hadi kwenye tangi, ukaongeza mita 2 za msuguano, kazi halisi ya kuinua maji hayo ni wati 22. Hata pampu ikipoteza theluthi mbili ya nguvu yake njiani, hazizidi wati 70. Injini ya Bi Harusi, ya farasi 6.5, ni wati 4,800. Sijawahi kuona watu wazima wakikitazama kijikaratasi cha hesabu namna ile.

Kwa hiyo ni pampu ndogo ya kuzamishwa. Hiyo haisumbuliwi na Torricelli, kwa sababu haivuti. Imekaa majini na inasukuma kutoka chini. Ya stima ingewezekana, na ingekula chini ya nusu yuniti kwa siku, lakini stima yetu ina tabia zake, hasa jioni. Tukachukua ya jua, kwa mkopo wa lipa polepole kupitia M-Pesa. Siyo rahisi: bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya petroli. Lakini petroli hununuliwa kila wiki, na bei yake inajulikana na kila Mkenya. Tuliuliza pia kuhusu kibali, maana chini ya Sheria ya Maji ya 2016 kuteka kwa ndoo ya nyumbani ni kitu kimoja na kufunga mtambo ni kitu kingine. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) kabla hujalipa, si baadaye.

Ufungaji sitausimulia, haukuwa na vituko vya kutosha. Nitasema tu kwamba pampu inaning'inia kwenye kamba yake yenyewe, siyo kwenye waya wa umeme. Iko zaidi ya nusu mita kutoka chini ili isimeze mchanga, na ina kifaa cha kuizima maji yakiisha. Paipu ya kupandishia msiipunguze ili kuokoa pesa: kwa maji yaleyale, ukikata kipenyo nusu, msuguano unaongezeka kama mara 32. Shemeji alitaka tuikate. Mama mkwe alimtazama tu.

Bi Harusi bado ni mzima, ametumika kidogo sana, na paipu yake ngumu tunaitoa pamoja naye. Anafaa mto, mfereji au kisima ambacho maji yake kiangazi hayazidi mita 6 kwenda chini, na kinachorudisha maji kwa wingi. Anayemtaka aje Jumatano au Jumamosi tukitoka sokoni, na bei tutaelewana. Aje na kipimo cha maji yake kimeandikwa, cha pima au cha mita, vyote tunapokea. Asiye na kipimo hauziwi. Mama mkwe amekataa.