Mwongozo wa Kuishi na Mkono Uliodungwa Ukiwa Membley

1. Chagua mkono utakaouma. Muuguzi akiuliza kulia au kushoto, usijibu ovyo. Toa ule usiosongea ugali, kisha uulegeze, kwani msuli uliokazwa huumia zaidi. Ukiambiwa usubiri dakika 15, zikae zote. Ndizo za kukuchunga mwili usije ukaikataa chanjo.

2. Panga safari. Kwenye matatu ya Ruiru, keti mkono wenye sindano ukielekea dirishani. Nauli itoe mapema, kabla konda hajakugonga bega kuidai.

3. Shosho akija na mafuta ya kuchua, mpe chai. Mafuta yakae kando, maana pale hapasuguliwi. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi, kisha utumie mkono: anika nguo, fungua geti, uuinue na kuushusha. Ukilala nao kama yai, utakakamaa. Panadol, ukiihitaji, meza baada ya sindano, si kabla.

4. Elewa kinachouma. Chanjo imeingia kwenye msuli wa juu ya mkono, na seli za kinga zimekimbilia hapo kuitambua. Kazi yao ndiyo inayoleta joto, uvimbe na maumivu ya siku mbili tatu. Usipoumwa pia usihofu. Wengi hawaumwi na kinga wanaipata.

5. Jua wakati wa kurudi kliniki. Rudi wekundu ukizidi kuenea baada ya siku ya kwanza, homa ikikataa kushuka, au bega likiuma kwa wiki kadhaa. Uso ukivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali papo hapo.

6. Maliza dozi. Tarehe 5 Machi 2021, Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, alidungwa wa kwanza nchini Kenya dhidi ya Covid, katika Hospitali ya Kenyatta. Chanjo hiyo, AstraZeneca, ilitaka dozi mbili. Maumivu ya siku mbili yasikunyime kinga kamili.

7. Usimdanganye mtoto. Mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Binti akikuuliza kama inauma, mwambie: inauma kidogo, kesho mkono utakuwa mzito, na mimi nitakubebea mkoba. Mtoto aliyeambiwa ukweli leo atakuamini siku ya sindano nyingine.