Muulize Shangazi: Bingwa wa Sebuleni

Wiki hii nilijiandaa kwa barua nilizozizoea: mume haachi hela ya matumizi, fundi amekula hela ya nondo, mpangaji kodi hatoi na kuhama hataki. Nimekuta fungu zima la watu wazima wanaorusha mikono mbele ya runinga. Haya, tukae, tuongee.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47, ni mtumishi wa umma. Mwanangu wa darasa la tano ananifunga kila siku tenisi ya mezani kwenye mashine ya gemu ya Wii. Mimi nachuchumaa, naruka, natoka jasho, na bega limeanza kuuma. Yeye kajilaza kwenye kochi, mkono mmoja unakula karanga, mwingine unatikisa rimoti kama anafukuza nzi. Hii ni haki kweli?*
Baba Bega, Kisasa

Marahaba, mwanangu. Ni haki tupu. Mashine haikuoni wewe, inaijua rimoti tu. Tangu Nintendo walipoitoa Wii mwishoni mwa 2006, ndani ya rimoti kuna kidude kinachopima inavyosukumwa na inavyoinamishwa, basi. Mwaka 2009, walipoleta Wii Sports Resort, ndimo ilimo hiyo tenisi ya mezani, wakaongeza kipachiko cha MotionPlus chenye jairoskopu, ambacho kinajua hata rimoti imegeuzwa upande gani. Ndiyo maana unaweza kuukata mpira ukazunguka. Lakini hicho nacho kinapima rimoti, hakipimi magoti yako. Yule mwanasesere kwenye kioo anaufuata mpira mwenyewe, kulia na kushoto, bila kukuomba msaada. Ukiruka, umeruka kwa gharama zako.

Mwanao ameshajua kwamba mtihani ni wa kiganja. Wewe unaujibu kwa mwili mzima.

Ukitaka kumtoa kwenye kochi una njia mbili. Ya kwanza ni Kinect ya Microsoft, iliyotoka 2010. Hiyo haina rimoti, ina kamera inayousoma mwili, na aliyelala haambulii kitu. Ila wachezaji wawili wanahitaji nafasi ya karibu mita mbili na nusu mbele ya runinga, na sebule zetu za kupanga unazijua. Njia ya pili ni meza ya kweli: urefu mita 2.74, mpira wa gramu 2.7, wa kwanza kufika pointi 11 ndiye mshindi. Pale mpira ukielekea kona na miguu ikabaki, umefungwa. Lakini lipumzishe bega kwanza, maana dogo atakufunga na huko.

*Shangazi, shikamoo. Panya walitafuna waya wa ile fito nyeusi inayokaa juu ya runinga, rimoti ikawa haielekezi kitu. Fundi mmoja wa Majengo akaniambia niwashe mishumaa miwili, niiweke pembeni mwa runinga, huku na huku. Nikajaribu, ikakubali! Saa mbili usiku mama mkwe akaingia kutoka Mpwapwa bila taarifa. Akanikuta gizani, mishumaa inawaka, nimeshika kifimbo cheupe, nakipunga taratibu na kunong'ona "ingia, ingia, ingia." Ilikuwa gofu, Shangazi! Ameondoka na basi la alfajiri na ukoo umeitisha kikao.*
Mkamwana, Chang'ombe

Marahaba, mama. Huyo fundi mshikilie, anajua kazi. Ile fito haipeleki habari yoyote kwenye mashine. Kila upande ina vitaa vya infraredi, mwanga ambao jicho halioni, na kwenye pua ya rimoti kuna kamera inayovitazama ili ijue umeelekeza wapi. Mshumaa nao unatoa mwanga huohuo, na jua pia. Ninyi wenye madirisha ya magharibi, mnaolalamika kwamba kuanzia saa kumi jioni kile kialama kwenye kioo kinarukaruka, hamjarogwa. Ni jua la Dodoma hilo, teremsheni pazia. Na wewe mkamwana, mishumaa yako iweke mbali na hilo pazia.

Kwenye kikao usithubutu kuanza na infraredi. Wazee wakisikia neno refu usiku, wanaongeza ajenda. Nenda na mashine yako na fito mpya, mwombe mama mkwe radhi kwa kumtisha, halafu mkabidhi rimoti. Mchagulie gofu, mpira uwe karibu na shimo. Hapo hapatakiwi nguvu, panatakiwa kiganja kilichotulia, na mwanamke aliyepepeta uwele miaka arobaini anacho. Akiuingiza mmoja, kikao kitakosa akidi. Akiuingiza wa pili, hesabu mashine imekwenda Mpwapwa.

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi wizarani, Mtumba. Wakati wa chai nilitamba kwamba mashimo tisa ya gofu nayamaliza kwa mikwaju michache kuliko mtu yeyote idarani. Sikusema ni ya kwenye runinga. Mkurugenzi akasikia. Jumamosi ananipeleka uwanjani Morogoro, Ijumaa tunapanda treni ya mwendokasi. Fimbo ya gofu sijawahi hata kuigusa.*
Mtaalamu, Mtumba

Marahaba. Mdomo uliponza kichwa, sasa unataka kuponza na miguu. Mashimo tisa ya Wii Sports unayamaliza umevaa kandambili, chai ikiwa bado ya moto. Uwanja kamili wa mashimo 18 unakutembeza kilomita sita na zaidi, na shimo unalolitafuta lina kipenyo cha milimita 108. Kwenye runinga upepo unaandikiwa kwa mshale na tarakimu, kule utarusha majani hewani uyaangalie.

Lakini hujatoka mikono mitupu. Kuna somo moja la gemu ambalo uwanjani ni lilelile. Unakumbuka ule mstari wa nguvu? Ukipiga kwa pupa mpaka upite mwisho, mpira unapinda na kwenda usikokutaka. Nyasini nako anayepiga kwa hasira huishia vichakani.

Mwambie mkurugenzi leo, kabla hamjakata tiketi: "Bosi, gofu yangu ni ya sebuleni, naomba unifundishe." Atacheka mpaka Ijumaa, na atakufundisha kwa moyo mmoja. Wakubwa wana watu wengi wa kuwapongeza. Mtu wa kumfundisha hawampati kirahisi, na anayewachekesha bila kukusudia wanamkumbuka hata siku ya kupandisha vyeo.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alikopa Saccos akanunua runinga ya inchi 55. Mdogo wangu anayesoma Udom alikuja Jumapili, akapiga smashi, rimoti ikamponyoka na kuingia kwenye kioo. Mume yuko Singida kikazi, anarudi Alhamisi. Nimwambie umeme ulizidi?*
Nimekwisha, Nzuguni

Marahaba, mama. Umeme usiusingizie. Haupasui kioo katikati na kuacha alama ya ukubwa wa rimoti. Mdogo wako si wa kwanza duniani. Wii haikumaliza hata mwezi sokoni kabla Nintendo hawajatangaza, Desemba 2006, kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2, kwa sababu zilikuwa zinakatika na rimoti zinaruka. Mwaka uliofuata wakaanza kutoa na ganda laini la kuivalisha rimoti. Kamba ile ni ya kuvaa, siyo pambo la kuning'inia. Mwulize mdogo wako kama aliivaa, nami najua atakavyojibu.

Mpigie mume simu leo. Akifika nyumbani hasira itakuwa imebaki Manyoni. Mdogo wako aandike kwa mkono wake kwamba boom likitoka ataanza kulipa, awamu kwa awamu.

Majibu mafupi mafupi

*Mwenye Banda, Nkuhungu:* Mashine yako imetoka Japani, umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Moshi ule ni wa adapta. Tafuta adapta ya umeme wetu inayotoa volti 12 kabla hujachomeka tena. Pia tafuta diski za Kijapani, kwa sababu mashine ya Kijapani haisomi za kwingine.

*Mchumba, Iyumbu:* Mwanamume anayekasirika akifungwa tenisi ya runinga, mahari yake isipokelewe kwanza. Mchezeshe mechi kumi zaidi, umfunge zote.

*Mnene Kiasi, Area C:* Unauliza kama haya ni mazoezi. Ukisimama ukacheza kama Baba Bega, ndiyo. Lakini barua yako inasema unachezea kitandani. Daktari akikuuliza, mjibu kwamba rimoti inafanya mazoezi kila siku.