Sifa Njema za Klachi Iliyochoka

Katika Land Rover la zamani, klachi iliyochoka ndicho kiungo pekee kinachobisha hodi. Betri hufa usiku bila kuaga. Tairi hupasuka bila kumshauri mtu. Klachi huanza kwa kutoa harufu ya pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni, tena mlimani tu, tena gari likiwa na mzigo. Wiki chache baadaye injini hunguruma kwa nguvu huku gari likijikokota, kana kwamba viwili hivyo vimegombana. Dereva akipuuza, klachi haikasiriki. Humwongezea wiki mbili. Mdai mwenye subira kama hiyo ni vigumu kumpata.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una mazingira ya kuuthamini uungwana huo. Ziwa Tanganyika liko takribani meta 770 juu ya usawa wa bahari na mji wa Mpanda uko meta 1,100 hivi, kwa hiyo gari linalotoka Karema na magunia ya dagaa lina deni la kupanda zaidi ya meta 300 kabla ya kufika sokoni. Klachi nzima ingelilipa deni hilo abiria wakisinzia. Iliyochoka huwashusha, huwanyoosha miguu, huwapanga nyuma ya gari wasukume bila kujali cheo, na hadi kufika Mpanda wameshajuana majina na vijiji. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, huwafundisha madereva mwendo wa pole ambao vibao vimeshindwa kuwafundisha. Viboko wanaosongamana kwenye tope la mwisho la kiangazi hutazamwa kwa muda wa kutosha, na pengine zaidi ya wa kutosha.

Kinachosifiwa ni disiki moja, yenye upana wa inchi 9 na nusu katika Land Rover la Series III, iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ikibanwa sawasawa, mzunguko wote wa injini hufika kwenye giaboksi. Kubana kukilegea, sehemu ya mzunguko hupotea njiani na kugeuka joto. Joto huichoma disiki na kuilegeza springi ya presha pleti, nayo disiki huzidi kuteleza.

Kuipima klachi ni rahisi. Kwenye lami, gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, huwekwa gia ya juu kabisa na mafuta hukanyagwa hadi mwisho. Injini ikipaa na mwendo ukabaki palepale, klachi imekiri. Kipimo cha pili ni cha kusimama: handibreki juu, mawe mbele ya magurudumu, gia ya tatu, kisha pedeli huachiwa polepole. Klachi nzima huizima injini. Iliyochoka huiacha iendelee kunguruma. Mawe yasisahaulike, maana handibreki ya Land Rover hushika shafti ya propela na si magurudumu, na ngoma yake ikilowa oili haishiki chochote. Kipimo hiki hakirudiwi mara tatu ili kuwaonyesha majirani, kwa kuwa kila mara huila disiki.

Kabla ya kuitoa giaboksi, mpira wa haidroliki huhojiwa kwanza. Mpira mzee huvimba kwa ndani, ukaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, na klachi ikabaki imekanyagwa nusu ingawa mguu wa dereva uko mbali. Nati ya kutolea upepo ikilegezwa, mafuta yakaruka na klachi ikashika, mwenye hatia ameonekana kwa bei ya mpira.

Mshukiwa mwingine ni oili. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu dogo, na kiwanda cha Land Rover kule Solihull kililiwekea kizibo cha skrubu: hufungwa gari linapovuka mto, hufunguliwa likishavuka. Kukifunga dereva hukumbuka, kwa sababu maji anayaona. Kukifungua hakuna anayekumbuka. Oili inayovuja hujikusanya humo masika nzima hadi disiki ioge. Tone la kwenye kidole hutaja chanzo: zito lenye harufu kali ya kiberiti limetoka giaboksi, jeusi na jepesi limetoka sili ya nyuma ya injini. Wapo wanaomimina soda kupitia tundu hilohilo ili sukari ishike. Hushika kwa kilomita chache, na sisimizi hufurahi zaidi.

Gari likiwa bado porini, gia nzito za transfa ndizo msaada wa kweli. Zinapunguza mzigo unaobebwa na klachi kwa kila mlima, na gari hufika, ingawa huenda likapitwa na baiskeli.

Matengenezo yenyewe ndipo klachi inapostahili sifa zaidi. Magari mengine hushushiwa giaboksi kwa chini. Land Rover la Series hufumuliwa kutokea ndani. Siti hutoka, kisanduku cha siti hutoka, na bati za sakafu huachana na skrubu zilizooza kwa kutu, mojamoja, kwa patasi. Chini yake hupatikana maganda ya karanga, punje za mpunga zilizoanza kuota, na sarafu ya shilingi ambayo haikubaliki tena dukani. Hakuna usafi mwingine unaofika huko. Boriti tatu chini ya mwembe na mnyororo hutosha kuinua giaboksi.

Flaiwili iliyoungua huwa na madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama uso wa mbuga mwezi wa Oktoba. Nyufa za juujuu husuguliwa. Za kina hupelekwa kwa mkereza vyuma. Vumbi halipulizwi kwa kompresa bali hufutwa kwa kitambaa kibichi, kwa sababu disiki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Disiki, presha pleti na beringi hubadilishwa pamoja, na sili inayovuja vilevile, la sivyo disiki mpya itaoga kama mwenzake.

Upande wa disiki wenye kitovu kilichochomoza hutazama giaboksi. Disiki huwekwa katikati kwa shafti kuukuu ya giaboksi, au kijiti kilichoviringishiwa tepu ya umeme hadi kikaenea, na bolti hukazwa kwa kupishana, kidogokidogo.

Kilomita 500 za mwanzo gari halibebi mzigo mzito. Klachi mpya hushika ghafla, bila hodi, na ndipo krosi za propela, zilizokuwa zimestarehe muda wote huo, zinapoanza kugonga.