Hesabu Safi ya Taulo za Kike

Wanaoinung'unikia serikali kuhusu taulo za kike hawajui hesabu. Bajeti ya Tanzania ya 2018/19 iliziondolea VAT, ile ya asilimia 18. Mwaka ukapita, bei dukani ikakaa pale pale. Nafuu imeliwa njiani. Sasa Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mpango, angefanya nini, awabane wafanyabiashara? Hao ni watu wazima na shughuli zao. Juni 2019 akapendekeza kodi irudi, ikarudi. Aliyekula nafuu ni tajiri, anayelipa ni binti wa kidato cha pili wa Mbagala. Trafiki nao wangeiga: dereva wa daladala akienda kasi, faini alipe abiria anayening'inia mlangoni.

Binti mwenyewe hana shida. Anasubiri wanaume waondoke dukani kwa Mangi, ananong'ona, "Shikamoo, naomba ile." Mangi anazungushia gazeti, anafunga kama bangi, anampa. Akikosa hela, kanga kuukuu zipo, na siku nne za kukaa nyumbani Temeke ni mapumziko ambayo hata mbunge hana.

Wakenya, kwa papara zao, waliweka kwenye sheria mwaka 2017 kwamba mwanafunzi wa shule ya umma apewe taulo bure. Sisi tuna mpangilio. Ada tulishafuta, kondomu serikali inagawa bure, na ni haki, maana lile ni jambo la hiari na watu lazima watiwe moyo. Hedhi inakuja yenyewe bila kuhamasishwa.